Usinipe wastani wa Dunga

Tafuta mtandaoni picha za Kisumu, mji wa Kenya ulio ufuoni mwa Ziwa Victoria, utaletewa jua linalozama. Mbele yake pana mtumbwi, mvuvi amesimama kana kwamba ameambiwa asimame hivyo, na ukibahatika, kiboko. Nyingi zimepigwa ufuoni, Dunga au Hippo Point, kwenye saa kumi na mbili na nusu jioni, mpigaji akiwa ameelekea magharibi. Karibu hakuna anayegeuka. Angegeuka angeuona mtaa wa Nyalenda: mabati, moshi wa jikoni, boda boda zikigombania abiria wa mwisho.

Simu nyingi, zikiruhusiwa, huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Watafiti wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakizikusanya picha za namna hiyo zilizowekwa hadharani na kuzitumia kuchora ramani ya mandhari zinazopendwa. Penye picha nyingi panahesabiwa kuwa pana thamani kwa watu. Pasipo na picha panabaki peupe. Kisumu ikipitishwa kwenye kinu hicho itatoka kama utepe mwembamba wa ufuo, na nyuma yake si kitu.

Sina ugomvi na jua la Dunga; na mimi nimelipiga picha. Ugomvi wangu ni na anayedhani ramani ile inatwambia watu wa Kisumu wanapenda nini. Fikiria ni wapi mtu wa kawaida anaweza kuyafikia maji bila kulipa wala kuulizwa na askari anaenda wapi. Reli ilipofika hapa mwaka 1901, ardhi ya ufuoni ilichukuliwa na stesheni, gati na karakana, na mji ukajengwa ukiwa umelipa ziwa kisogo. Baadaye zikaja klabu, hoteli na kuta zake. Lwang'ni, ambako karani na mpiga debe walikuwa wakikaa benchi moja kula samaki wa ngege huku wanayaangalia maji, vibanda vyake vilibomolewa. Kwa hiyo picha zinarundikana Dunga na Hippo Point kwa sababu ambayo haihusiani sana na uzuri: huko ndiko kulikobaki wazi. Mtafiti anadhani amechora mapenzi, kumbe amechora uzio.

Nalisema hili mapema kwa sababu kazi ya kuchora ramani ya mitazamo ya watu inakuja kwetu, na si mbaya. Kila mpango mpya wa ufuo, wa soko au wa barabara siku hizi unadai umesikiliza wananchi, na kuna wataalamu wenye droni na programu za ramani walio tayari kuuthibitisha usikilizaji huo kwa rangi. Msimamo wangu ni kwamba ramani kama hizo zina faida zinapoonyesha mahali ambapo watu hawakubaliani. Mchoraji akishaanza kutafuta wastani, amekwisha kuiharibu.

Wazo lenyewe lina umri. Mwaka 1960 Mmarekani Kevin Lynch alichapisha utafiti ambao wapangaji wa miji bado wanausoma. Wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles waliombwa wachore miji yao kwa mkono, bila kutazama popote, naye akaangalia walichokumbuka na walichokiacha. Akakuta kwamba watu hawaujui mji kwa namna mpima ardhi anavyoujua. Wanaujua kwa njia, kingo, mitaa, makutano, na alama zinazoonekana kwa mbali. Jaribu hilo hapa. Mpe mwendeshaji boda boda karatasi na kalamu, atakuchorea Kondele, Kibuye, Oile, steji ya mabasi, Mamboleo, na njia za panya za Manyatta ambazo hazimo kwenye ramani yoyote ya serikali. Kachok atakuwekea, kwa sababu jalala lile kwa miaka mingi lilikuwa alama hata kwa aliyefumba macho. Ziwa huenda asiliweke kabisa, au aliweke pembeni kama ukuta. Ziwa halina abiria.

Miaka 40 baada ya Lynch, nchi za Ulaya zilitia sahihi mkataba wa mandhari mjini Florence, Italia, Oktoba 2000. (Kisumu nayo iliwahi kuitwa Port Florence, lakini Florence wetu alikuwa mke wa mhandisi wa reli.) Mkataba ule ulieleza mandhari kuwa ni eneo kama linavyoonekana na watu, ambalo hali yake imetokana na kazi ya asili, ya binadamu, au ya vyote viwili. Ukiusoma polepole unaona kwamba mlima na kijito havitoshi. Mpaka umuulize anayeishi chini ya mlima na anayechota kijitoni, hujaieleza mandhari. Na hata kabla ya hapo, mwaka 1998, wakazi wa karibu na Msitu wa Taifa wa Chugach kule Alaska walitumiwa ramani kwa posta pamoja na vibandiko vidogo, wakaombwa wabandike mahali wanapopathamini na waseme ni kwa nini: uzuri, burudani, riziki, ibada, utulivu. Njia ile ya vibandiko, siku hizi ikifanywa kwa simu, ndiyo inayotembea duniani.

Kwetu sheria haina kizuizi. Kifungu cha 69 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaitaka serikali ihimize ushiriki wa umma katika kusimamia na kuhifadhi mazingira. Kipatikanacho ni kitu kingine.

Nimehudhuria mikutano ya aina hii ya kutosha kuujua mpangilio wake. Hema, viti vya plastiki, maombi, salamu za wakubwa kwa kufuata itifaki mpaka saa sita. Kisha projekta inawashwa mchana kweupe, na kwenye shuka jeupe yanatokea mabaka ya rangi: manjano makazi, nyekundu biashara, kijani hifadhi. Ufunguo wa ramani uko kwa Kiingereza, kwa herufi zisizosomeka kutoka mstari wa pili. Katika mmoja wa mikutano hiyo mama aliyeketi kando yangu aliinama akaniuliza, "Kanisa letu liko wapi hapo?" Nilitafuta nisilione, kwa sababu ramani haikuwa na kanisa hata moja. Ilikuwa na namba za ploti. Lau angeonyeshwa kanisa angeipata barabara, na kutoka barabarani angeufikia mtaro, kisha nyumba yake, na pengine angekuwa na la kusema kuhusu maji yanayomwingilia kila Aprili. Badala yake tulipewa soda, tukatia sahihi karatasi ya mahudhurio, na karatasi ile ndiyo iliyoambatishwa kwenye ripoti kama maoni ya wananchi.

Haya, tuseme kaunti imeamua kuacha mchezo huo na kutumia vibandiko. Imechapisha picha ya setilaiti ya ufuo wote, kubwa ya kufunika meza, na watu wanaitwa waje wabandike. Hapo ndipo kazi inapoanza, na ndipo inapoharibika.

Chukua kipande kimoja tu, kinamasi cha mafunjo pale Dunga. Asubuhi na mapema utamkuta mama amezama hadi kiunoni, ana panga mkononi, anakata mafunjo moja moja. Hafyeki. Anashika shina, analipima kwa kiganja, na lile changa analipita. Mashina yanafungwa mzigo, yanaburutwa hadi pakavu, yanaanikwa, yanapasuliwa, yanakuwa mkeka au kiti. Ukimpa kibandiko hatakibandika kinamasi kizima. Atakuuliza unataka upande upi, kwa maana kuna sehemu aliyoikata juzi na haitaki kuguswa kwa miezi, kuna ya jirani yake, na kuna ile yenye viboko ambako haendi peke yake. Macho yake yanaona shamba lenye zamu na mipaka, ingawa hakuna hata bikoni moja iliyosimikwa humo.

Kijana anayetembeza watalii kwa mashua anaona pahali hapohapo kwa jicho jingine. Anawatafuta ndege wanaoishi kwenye mafunjo tu na hawaonekani kwingine, na anataka ukimya. Mkataji mafunjo kwake ni kelele. Mvuvi anajua kwamba samaki wachanga wanajificha kwenye mizizi ile na kamongo analala matopeni; lakini pia anajua kwamba upepo ukigeuka, magugumaji yanasukumwa hapo na mtumbwi wake unafungiwa nje siku nzima. Mkazi wa Nyalenda anaona mbu, halafu mvua ikinyesha mlimani na Mto Auji ukafura, anaona mahali pekee ambapo maji yale yanaweza kwenda badala ya kuingia chumbani kwake. Na kuna yule mwenye gari la vioo vyeusi anayepita Jumapili na kuona ardhi iliyolala bure.

Wape wote watano karatasi waweke alama kuanzia 1 hadi 5. Jumlisha, gawa, utapata kitu kama 3. Mpangaji ataandika kwamba kinamasi kina thamani ya wastani kwa umma, na hapo ndipo tingatinga hupata kibali. Ni sawa na kumimina supu ya mbuta na chai ya maziwa kwenye sufuria moja ili kila mgeni apate kinywaji.

Anayejua takwimu ataniambia hili halihitaji kulalamikiwa, linahitaji hesabu nyingine tu. Ni kweli, na hesabu hiyo ipo. Mahali pawili panaweza kuwa na wastani uleule wa 3: pa kwanza kila mtu amesema 3, pa pili nusu wamesema 1 na nusu wamesema 5. Pa kwanza pana watu wasiojali. Pa pili pana vita inayosubiri. Ramani ya wastani inavipaka rangi moja. Ramani ya mtawanyiko, yaani umbali kati ya majibu na majibu, inavitenganisha mara moja. Programu za kawaida za ramani zinaweza kuichora kwa gharama ileile. Kinachokosekana ni mtu mwenye cheo anayeitaka, kwa sababu ramani ya mtawanyiko inamlazimisha aseme atamsikiliza nani.

Kuna na ujanja mwingine wa kiufundi ambao mwananchi anafaa aujue kabla hajashangilia rangi. Vibandiko vikishaingizwa kwenye kompyuta, programu huvilainisha: kila nukta inatandazwa kuwa wingu, mawingu yanajumlishwa, na pale yanapokutana pananyekundika. Ukubwa wa wingu anauchagua mtu. Ukichagua mita 200, Dunga inabaki Dunga. Ukichagua kilomita 2, wingu la Dunga linameza na sehemu ya Nyalenda, na ghafla watu waliobandika kwa sababu ya mbu wanaonekana wamebandika kwa sababu ya machweo. Hakuna aliyedanganya. Mtu amesogeza kitufe kwenye skrini, basi. Ramani isiyosema ilitumia upana gani usiiamini, hata iwe na nembo ngapi.

Halafu kuna suala la nani ameulizwa. Fomu ya mtandaoni inamfikia mwenye bando. Mkutano wa saa nne asubuhi siku ya kazi unamfikia asiye na kazi, mstaafu na mzee wa mtaa, ambaye hakosi. Mwanamke anayeuza omena hayupo, yuko sokoni. Anayelala mchana kwa sababu anavua usiku hayupo. Hata saa inabadilisha jibu: Oile ya saa sita mchana na Oile ya saa tatu usiku ni mahali pawili kwa msichana anayetoka kazini, na hakuna ramani ya mipango niliyowahi kuiona hapa yenye usiku ndani yake.

Woga nao, kama wa msichana huyo usiku, una upande wake mbaya ukichorwa. Waulize watu wa Milimani, mtaa wa wenye nacho, au wageni wa hoteli, wabandike vibandiko vyekundu wanapopaogopa, na Kondele itafunikwa isionekane. Kila maandamano yakitokea Kisumu, kamera zinakwenda Kondele, moshi wa matairi unarushwa nchi nzima, na jina linabaki na moshi. Waulize wanaoishi Kondele na Manyatta, nao wana woga wao, ila uko kwingine: kichochoro fulani kisicho na taa, mtaro uliomeza mtoto fulani, na, tuseme ukweli, gari la polisi likikata kona siku ya vurugu. Ramani mbili za woga, mahali pamoja. Ukizichanganya, sauti ya mgeni itashinda kwa sababu yeye anaogopa eneo zima wakati mkazi anaogopa mita 40. Na ramani ikishatoka haikai kabatini. Mwenye teksi ataitumia kukataa safari, mkopeshaji ataitumia kumwongezea mtu masharti. Chuki iliyokuwa mdomoni itakuwa imepewa kipimo na mshale wa kaskazini.

Kwa hiyo anayesema mitazamo ya watu ni maneno tu, si data, namwelewa anakotokea. Lakini nitamjibu kwa maji.

Mvua kubwa za 1961 na 1962, ambazo wazee bado wanaziita za Uhuru, zilipandisha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita 2, na kufikia 1964 ziwa lilikuwa limekaa mahali ambapo kizazi kile hakikuwahi kuliona. Kisha likashuka pole pole. Watu wakashuka nalo: wakalima, wakajenga, wakapimiwa ploti, wakapewa hatimiliki. Mei 2020 ziwa likarudi kwenye kimo kile cha 1964. Dunga, Usoma, na vijiji vya ufuoni hadi Nyando, nyumba zikasimama majini, na viboko wakalala kwenye viambaza. Magazeti yaliandika kwamba ziwa limevamia watu. Lakini wazee kadhaa wa ufuoni walikuwa wakisema kwa miaka kwamba maji yaliwahi kufika pale kwenye mwembe, pale kwenye shule, na vijana wakawaona wanazeeka vibaya. Kile walichokuwa nacho kilikuwa kipimo, chenye mahali na mwaka. Kilikosa tu mtu wa kukichora. Ukanda wa hifadhi kando ya maji unategemea kujua maji hufika wapi, na katika vijiji vingi vya Ghuba ya Winam kumbukumbu ya mzee ndiyo kumbukumbu ya karibu zaidi iliyopo.

Nakuru wamelipitia hilohilo kwa namna yao. Ziwa lao liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, pamoja na Bogoria na Elementaita, sifa kubwa ikiwa ni ndege. Wakati huohuo maji yalikuwa yanapanda. Yakameza lango kuu la hifadhi, chumvi ikapungua, mwani ambao heroe, yaani flamingo, wanaula ukapungua, na heroe wengi wakahamia maziwa mengine, Bogoria likiwemo. Jina la Flamingo limebaki kwenye mtaa, kwenye vibao, kwenye kadi za posta. Mtu wa mtaa wa Mwariki, ambaye ua wake uliingia majini, akiliona ziwa haoni waridi wala ndege. Anaona deni la nyumba isiyokalika. Mandhari ya kwenye kadi ilibaki nyuma ya mandhari yenyewe kwa zaidi ya miaka kumi.

Nakuru hiyohiyo ndiyo yenye mfano bora ninaoujua wa kazi hii ikifanywa sawasawa, na ni ajabu jinsi tunavyoutaja kidogo. Agosti 2006, Waogiek, jamii ya Msitu wa Mau, walikusanyika Nessuit, Nakuru, kujenga mfano wa Msitu wa Mau Mashariki kwa mikono yao. Kilomita mraba 576 za nchi kwa skeli ya 1:10,000, yaani kila sentimita moja mezani ni mita 100 msituni, kwa hiyo meza yote ilikaribia mita mraba 6. Karatasi ngumu zilikatwa kwa kufuata mistari ya kontua, ile inayounga mahali penye kimo kimoja, zikabandikwa tabaka juu ya tabaka mpaka milima ikasimama na mabonde yakazama. Kisha wazee, wanaume kwa wanawake, kutoka koo mbalimbali, wakaanza kuipaka rangi na kuichoma pini, wakiirudisha nchi ilivyokuwa miaka ya 1920, kabla ya sehemu kubwa ya msitu kukatwa.

Ubora wa kazi ile hautokani na gundi. Kabla ya kuweka pini, wazee walikubaliana kwanza juu ya ufunguo: vitu gani viwepo, viitweje, vipewe rangi gani. Ramani za idara zilikuwa na miti, mito na barabara. Yao ilikuwa na maeneo ya koo, aina za misitu kwa jinsi nyuki wanavyozitumia, na mahali palipotendeka mambo. Anayeandaa ufunguo ndiye anayeamua nini kinaweza kusemwa, wengine wote wanajaza nafasi. Na palipokuwa na ubishi, ulifanyika hapohapo mezani, kidole juu ya bonde, mbele ya wajukuu. Ubishi wa namna hiyo ni nusu ya kazi, na haupatikani kwenye fomu inayojazwa na mtu mmoja mmoja kwenye simu.

Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Kenya imevunja haki za Waogiek katika Mau, na Juni 2022 ikatoa amri za fidia, ikiwemo ardhi yao kuwekewa mipaka na kupewa hati. Sisemi mfano wa karatasi ulishinda kesi; kesi zina mawakili na miaka. Nasema watu wanaoambiwa na mahakama kwamba mipaka yao ichorwe wana bahati kama wazee wao waliichora wakiwa hai.

Hapo pia ndipo hatari ilipo. Ramani inayosema mizinga iko wapi, makaburi yako wapi, pango la maombi liko wapi, inamwambia kila mtu, na mwenye msumeno yumo. Mara nyingi kazi hii ikifanywa kwa adabu, kuna mahali wenyewe wamekataa pachorwe, na kukataa huko kumeheshimiwa. Kit Mikayi, kule Seme, ni kielelezo cha upande wa pili. Jiwe liko kwenye kila tovuti ya utalii, tiketi inakatwa langoni, na waumini wanaopanda kusali na kufunga siku kadhaa wanapigwa picha kama sehemu ya miamba. Aliyepiga ameona kivutio. Aliyepiga magoti hakuulizwa anaona nini.

Nakala nani anakaa nayo, basi? Katika miradi mingi inayopita hapa, mtaalamu anakuja na karatasi, anaondoka na karatasi, na ward ambako watu waliketi siku nzima wakibandika haibaki hata na picha ya simu. Kama kaunti inataka kufanya hili, na nadhani inafaa ilifanye kabla ya kumwaga zege jingine ufuoni, gharama yake si kitu: picha kubwa ya setilaiti iliyochapishwa, vibandiko, kalamu za rangi, na vijana wachache wanaojua Dholuo, Kiswahili na kunyamaza. Wasiite watu ukumbini. Waende Kibuye Jumapili, waende Dunga alfajiri mitumbwi inapoingia, wakae steji ya Kondele usiku. Wanawake wawe na meza yao, vijana yao, wageni yao, na karatasi hizo zisiunganishwe, kila moja ipigwe chapa yake. Waanze kwa ufunguo mtupu.

Halafu siku ya kutangaza mpango wa ufuo, kando ya mchoro wa msanifu itundikwe ramani ya mtawanyiko, yenye mabaka mekundu pale ambapo watu wamegawanyika zaidi. Kwa kila baka, ofisi husika iandike kwa mkono wake: hapa tumemchagua mkataji mafunjo, hapa tumemchagua mwenye hoteli, sababu ni hii, na aliyekosa atapewa hiki kufikia tarehe hii. Wasiotaka kuandika sentensi hiyo wasitwambie walitusikiliza.